Daftari la Muda na Chumvi ya Chalbi

Alfajiri ya Jumapili, tarehe 14 Septemba 2025, nilikuwa nimelala kifudifudi juu ya chumvi ya jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya, kamera ikiwa shubiri moja kutoka ardhini, nikisubiri jua. Tulikuwa tumeondoka kijiji cha Kalacha gizani, mimi na kijana wa Kigabra anayeniongoza kila ninapofika huko. Upepo ulikuwa haujaamka. Chalbi yote ilikuwa kimya, kiasi kwamba nilisikia ukoko wa chumvi ukivunjika chini ya kiwiko changu, tik, tik, kama kaukau mdomoni mwa mtoto.

Karibu saa kumi, tulipokuwa tukitafuta viatu kwa mwanga wa tochi, Peres Jepchirchir wa Kenya alikuwa akiingia uwanjani Tokyo, mwishoni mwa marathoni ya Mashindano ya Dunia ya Riadha, na Tigst Assefa wa Ethiopia ubavuni mwake. Walikuwa wamemaliza takriban kilomita 42 na hakuna aliyekuwa amemwacha mwenzake. Jepchirchir akachomoka mwishoni kabisa. Saa 2, dakika 24, sekunde 43. Assefa akafika sekunde 2 baadaye.

Mimi nilizipata habari hizo siku mbili baadaye, mjini Marsabit, hotelini, mbele ya sahani ya wali na nyama ya mbuzi. Wazee wawili wa meza ya jirani walikuwa wakisimuliana. Mmoja aliigiza kwa mikono jinsi yule dada alivyochomoka.

Kutotazama hakunisumbui sana. Mtu husafiri, simu huzimwa. Kilichonisumbua ni kwamba niliposikia, moyo wangu haukuruka. Niliendelea kupangusa vumbi kwenye lenzi.

Zamani ningesimama juu ya kiti.

Mashindano yale yalipoisha, wanawake wa Kenya walikuwa wameshinda mbio zote kuanzia mita 800 hadi marathoni, zikiwemo za kuruka viunzi na maji. Mita 1,500 ni Faith Kipyegon. Mita 5,000 na 10,000, zote mbili ni Beatrice Chebet. Sikuona hata hatua moja. Nimekaa na jambo hili wiki kadhaa sasa, na kila nikijaribu kuliacha linanirudia.

## Daftari

Nina daftari lenye jalada gumu la buluu. Nililianza Agosti 2008, siku Samuel Wanjiru aliposhinda marathoni ya Olimpiki Beijing kwa 2:06:32, Mkenya wa kwanza kuileta nyumbani dhahabu ya mbio hizo. Niliandika muda wake juu ya ukurasa wa kwanza kwa kalamu ya wino, nikapiga mstari chini yake mara mbili. Tangu hapo sikuacha. Kila mbio kubwa, kila rekodi, jina, mji, tarehe, muda.

Ukurasa ninaoupenda kuliko zote ni wa tarehe 9 Agosti 2012. Nilikuwa Eldoret, kwenye hoteli ndogo yenye televisheni iliyowekwa juu ya friji ya soda. Ilikuwa saa nne usiku na watu walikuwa wamejaa hadi mlangoni. Ilikuwa fainali ya mita 800 ya Olimpiki ya London, na David Rudisha wa Kenya aliongoza tangu mwanzo, bila mtu wa kumvutia kasi, mzunguko wa kwanza, wa pili, shingo imenyooka, mabega hayatikisiki. 1:40.91. Hakuna binadamu aliyewahi kukimbia mita 800 chini ya dakika 1 na sekunde 41 kabla ya usiku ule.

Lakini kilichonishika ni aliyekuwa wa mwisho. Mwingereza Andrew Osagie alifika wa nane kwa 1:43.77, na muda huo ungempa dhahabu Sydney 2000, Athens 2004 na Beijing 2008. Mtu wa nane! Nikaandika muda wa wote wanane, mkono ukitetemeka. Mama mmoja nisiyemjua alinikumbatia akiwa na kikombe mkononi, chai ikamwagika kwenye ukurasa. Duara la rangi ya kahawia bado lipo, limepita juu ya jina la Nijel Amos wa Botswana, kijana wa miaka 18 aliyekuwa wa pili.

Amos alikuja kupigwa marufuku miaka 3 kwa sababu ya sampuli yake ya mwaka 2022 iliyopatikana na dawa zilizokatazwa michezoni. Hilo halisemi lolote kuhusu usiku ule wa London. Najua. Ila kila nikifungua ukurasa ule, jicho huenda kwanza kwenye duara la chai.

Kurasa za mbele zimechafuka zaidi. Mkenya Asbel Kiprop alipewa dhahabu ya mita 1,500 ya Beijing baada ya Rashid Ramzi wa Bahrain kupatikana na dawa. Nilikata jina moja, nikaandika jingine kwa furaha. Mwaka 2019 Kiprop mwenyewe akafungiwa miaka 4. Jemima Sumgong alishinda marathoni ya Rio 2016, mwanamke wa kwanza wa Kenya kufanya hivyo, kisha mwaka uliofuata sampuli yake ikapatikana na EPO, dawa iliyokatazwa inayoongeza seli nyekundu za damu. Medali ya Rio hakunyang'anywa. Nilikaa na kalamu nyekundu juu ya jina lake sijui nikate au niache. Mwishowe nikaweka alama ya kuuliza.

Baada ya hapo alama za kuuliza zikazidi mistari.

## Jibu ninalowapa watu

Watu wanaonijua huniuliza kwa nini nimeiacha riadha. Huwa nawajibu neno moja: dawa. Wanatikisa kichwa, tunahamia mazungumzo mengine. Ni jibu linalokubalika, na tena lina ukweli. Oktoba 2025, wiki chache baada ya safari hii ninayoisimulia, Mkenya Ruth Chepngetich alifungiwa miaka 3. Ni yeye aliyekimbia marathoni ya Chicago mwaka 2024 kwa 2:09:56, mwanamke wa kwanza chini ya saa 2 na dakika 10. Sampuli iliyomponza ilichukuliwa Machi 2025, kwa hiyo rekodi ya Chicago imebaki kwenye vitabu. Imebaki, nasi tumebaki tunaitazama.

Ubaya wa shaka ni kwamba haichagui. Dhambi ni ya mmoja, lakini shaka huwaangukia wote waliovaa jezi ile. Binti anayeamka saa kumi na moja kwenye baridi ya Iten, akakimbia kilomita 20 kabla ya uji, naye hutazamwa kwa jicho lile lile. Ukishaanza kushangilia huku umeshika breki, ukisubiri maabara ikupe ruhusa ya kufurahi, hiyo si furaha tena.

Kwa hiyo jibu langu si la uongo. Ila halijakamilika, na nimelitumia muda mrefu kujificha nyuma yake.

## Usiku wa fainali ya AFCON

Tarehe 11 Februari 2024. Ivory Coast na Nigeria walikuwa uwanjani wakiwania Kombe la Mataifa ya Afrika, na nusu ya Nairobi ilikuwa macho. Ujumbe ukaingia kwenye simu usiku wa manane: Kelvin Kiptum, mkimbiaji wetu wa marathoni, amefariki kwa ajali ya gari karibu na Kaptagat, pamoja na kocha wake, Gervais Hakizimana. Kiptum alikuwa na miaka 24. Miezi minne tu kabla ya hapo alikuwa amekimbia Chicago kwa 2:00:35, rekodi ya dunia, na Aprili alitarajiwa Rotterdam, ambako wengi tuliamini angeshuka chini ya saa 2.

Nataka niliandike wazo langu la kwanza kama lilivyokuja.

Nilijiambia: sasa nani atashuka chini ya saa 2?

Mke wake hakuwemo katika wazo hilo, wala watoto wake wawili. Wala yule kocha wa Kirwanda aliyekuwa akimlea. Wala kijana mwenyewe, aliyekuwa amelala chini ya mti kwenye giza la barabara ninayoijua. Nilichokiomboleza ni namba. Ilipita kama dakika nzima kabla sijamkumbuka mtu, na dakika ile ni ndefu kuliko ninavyoweza kueleza.

Nilikaa kitandani. Nikalitoa daftari, nikafungua ukurasa wa Chicago. Pale alipokuwa Kiptum palikuwa na tarakimu tano zilizopigiwa mstari mara mbili, na jina kwa herufi ndogo pembeni, kama risiti. Nikapitia kurasa zote za nyuma. Miaka kumi na mitano ya watu, na hapakuwa na sentensi hata moja kuhusu mtu. Wanjiru, aliyefariki mwaka 2011 akiwa na miaka 24 vilevile, ni 2:06:32 na mistari miwili.

Nikalifunga. Sikuandika tena.

Dawa zilinichosha, ndiyo. Lakini siku niliyoacha ni ile, na sababu ilikuwa jicho langu.

## Mahali pasipo na wa kwanza

Chalbi nilikuwa nimeanza kwenda tangu 2021, kwa udadisi tu. Baada ya Februari ile nikawa naenda kila ninapopata likizo na pesa ya mafuta.

Ukitoka Marsabit kuelekea Maikona unapita kwanza kwenye mawe meusi ya volkano, maelfu kwa maelfu, kila moja ukubwa wa kichwa cha mbuzi, kana kwamba kuna aliyeyapanga. Gari linalia. Kisha mawe yanaisha ghafla na ardhi inakuwa nyeupe. Kwa Kigabra, jina Chalbi lina maana ya mahali patupu, penye chumvi. Zamani palikuwa ziwa, enzi zile mvua za upande huu wa Afrika zilipokuwa nyingi, na mpaka leo mvua kubwa ikinyesha maji hurudi, yakatandaa kina cha goti, kisha jua huyanywa yote na kuacha chumvi.

Mwaka wa kwanza nilipiga picha vibaya sana. Nilipiga upeo wa macho, anga, mawingu. Picha pana, zilizofanana na kalenda. Kijana wangu alinitazama siku mbili, ya tatu akaniuliza, "Mzee, mbona hutazami chini?"

Chini kuna hivi. Tope likikauka hujikunja, likijikunja hupasuka, na nyufa hukutana zikafanya vigae vya pembe tano, sita, saba, vingine vipana kama sinia la harusi. Maji yenye chumvi yaliyobaki chini hupanda kupitia nyufa, yakafika juu yakakauka, na chumvi ikajenga ukuta mdogo pembezoni mwa kila kigae. Kigae nilichokipiga asubuhi ile ya Septemba kilikuwa na pembe sita, upande mmoja umeinuka na kujikunja kama chapati iliyosahaulika juani. Katikati palikuwa na unyayo wa ndege, vidole vitatu, na ndani ya kila kidole fuwele zilikuwa zimeanza kuota, laini kuliko unga. Jua lilipochomoza kila fuwele ilipata kivuli chake. Mwanga ule unadumu dakika kama kumi. Ukipita, chumvi inageuka karatasi nyeupe na kamera haina la kufanya.

Hakuna kigae cha kwanza wala cha nane. Sina pa kuandika muda.

Na kuna mazigazi. Kufikia saa nne asubuhi ardhi imeshika moto, hewa iliyo karibu nayo imekuwa nyepesi, na mwanga wa anga unaposhuka hupinda kabla ya kugusa chini, ukaingia machoni kana kwamba umetoka ardhini. Unaona maji. Unaona mikoma ya Kalacha imesimama ndani ya ziwa, miti juu, miti chini. Nilipopiga mara ya kwanza nilidhani picha itatoka tupu, kwamba jambo lile lilikuwa kichwani mwangu tu. Picha ikatoka na ziwa ndani yake. Kamera haina kiu wala matumaini, na yenyewe iliona maji. Mwanga ule ulikuwa mwanga kweli. Kosa ni jina tunaloupa.

Nilipoelewa hivyo nilikumbuka usiku wa Eldoret, yule mama na chai yake. Sijui ni yapi katika yote niliyowahi kuyashangilia yalikuwa maji. Lakini kumbatio lile lilikuwepo.

## Ngamia wa shangazi

Ningependa kuishia hapo, na jangwa likawa tiba. Mambo hayakwenda hivyo.

Septemba 2022 nilikuwa Chalbi wakati wa ukame. Misimu ya mvua ilikuwa imekatika mmoja baada ya mwingine tangu mwisho wa 2020, na ilikuja kufika mitano. Mizoga ilikuwa imetapakaa njia nzima. Jioni moja, upande wa North Horr, nilimkuta ngamia amelala ubavu kwenye mpaka wa mchanga na chumvi. Ngozi ilikuwa imekauka juu ya mbavu kama turubai juu ya fito. Shingo ilikuwa imejipinda nyuma, mdomo wazi kuelekea machweo. Mwanga ulikuwa wa dhahabu.

Nilipiga magoti nikaanza kazi. Kijana alikuwa amesimama kushoto na kivuli chake kilikuwa kinaingia kwenye picha. Nikamwomba asogee. Akasogea. Nikamwomba asogee tena kidogo. Akasogea, akaniacha nimalize.

Tulipokuwa tukirudi garini akasema, bila hasira, kama mtu anayetaja jina la kijiji, "Yule alikuwa wa shangazi."

Ngamia mmoja kwa Wagabra ni maziwa, ni mzigo, ndiye anayebeba nyumba nzima, miti yake na mikeka yake, watu wanapohama. Shangazi yake alikuwa na ngamia tisa kabla ya ukame. Mwezi ule alibaki na wawili.

Picha ile niliiweka hadharani, ikapendwa kuliko zote nilizowahi kupiga. "Kazi safi." "Mwanga gani huo!" Niliisoma sifa ile siku tatu, kisha nikaiondoa. Bado ninayo. Sijaifuta kwa sababu kuifuta kungekuwa njia nyingine ya kumsogeza yule kijana kando.

Usiku wa Kiptum ngamia yule alinirudia. Lilikuwa jicho lile lile. Nimetoka uwanjani nikalibeba hadi jangwani, nikalifungia lenzi.

Safari hii nilimuuliza kijana habari za shangazi kabla sijatoa kamera kwenye begi. Akaniambia ngamia wamefika watano, na mtoto mmoja amezaliwa mwaka huu. Wako fora, kambi ya mbali ya mifugo, na wanawe. Nikauliza huyo mdogo ana rangi gani. Alicheka, kwa sababu hakuna mgeni anayeuliza hilo, kisha akanieleza kwa muda mrefu, rangi ya mwili, rangi ya nundu, alama iliyo kwenye goti la mbele. Hakuna picha. Mimi ninamwona hata hivyo.

## "Mjomba, siku hizi huniulizi"

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu mkubwa, ana miaka 17 na anakimbia. Yuko kambini karibu na Iten. Mimi ndiye niliyemnunulia viatu vya kwanza vya misumari. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpigia kila Jumapili jioni kumuuliza amekimbia ngapi.

Mwishoni mwa Septemba alinipigia yeye.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba, mama."

Tukasalimiana, tukaulizana habari za nyumbani, mahindi, mguu wa bibi yake. Kisha akanyamaza kidogo.

"Mjomba, siku hizi huniulizi."

Nilianza kumweleza. Dawa, nikasema. Kuchoka, nikasema. Jinsi mchezo ulivyoharibika. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema alikuwa anaitwa mezani, na simu ikakatika.

Hilo ndilo lililonikosesha usingizi wiki zote hizi. Nilikuwa nimeacha kumgeuza mtu namba, na katika kuacha nikamwacha na mtu mwenyewe. Binti huyu hajamkosea yeyote. Anaamka, anakimbia, anaosha soksi zake jioni. Mjomba wake akaondoka bila kuaga, akaenda kutazama chumvi.

Jumapili iliyopita nilimpigia. Alikuwa amekimbia mbio za nyika siku iliyotangulia. Sikumuuliza muda. Nilimuuliza kulikuwaje, nikamwomba aanze tangu alipoamka.

Akaanza. Kulinyesha usiku kucha. Kwenye mteremko wa pili tope lilikuwa jekundu na zito hadi kiatu cha msichana mmoja kikabaki humo, naye akaendelea na mguu mmoja mtupu. Mbele yake alikuwapo mwingine aliyefunga nywele kwa utepe wa kijani, na kwa mizunguko mitatu yeye hakuona kitu kingine chochote duniani ila ule utepe. Alisikia pumzi zake mwenyewe na za mtu wa nyuma zikipishana. Kulikuwa na ng'ombe waliofungwa kando ya njia, na kila kundi la wakimbiaji lilipopita ng'ombe wote waligeuza vichwa kwa pamoja. Alimpita mwenye utepe kwenye daraja la mbao. Walipomaliza walishikana mikono, na ndipo alipoona kwamba yule msichana analia.

Nikamuuliza alikuwa analia nini. Akasema hakuuliza, ila atamuuliza, wako shule za jirani.

Nilidhani tumemaliza.

"Na muda, Mjomba? Huutaki muda?"

Sikujibu haraka.

"34:52," akasema. "Kwenye tope lile! Sijawahi. Kocha mwenyewe ameshangaa. Uandike."

Daftari lilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda, pamoja na betri za zamani na mfuko wa chumvi niliotoka nao Kalacha. Nikamwambia asikate simu. Nikapiga magoti, nikalivuta, nikafungua ukurasa uliofuata ule wa Chicago. Nikaandika jina lake kwanza, kwa herufi kubwa. Chini yake nikaandika tope jekundu, utepe wa kijani, ng'ombe, daraja la mbao. Kisha nikaandika 34:52.

"Umepiga mstari?" akauliza. Kumbe alikuwa akijua siku zote.

Nikapiga. Miwili.